Mashallah ya Bi Tufaha

Mdomo wa Bi Tufaha umeua friji moja, viyoyozi viwili na gari la mwanawe Talal, na hapo tunahesabu miaka ya karibuni tu. Hivyo ndivyo wasemavyo watu wa jengo lao kule Discovery Gardens, Dubai, nao husema huku wakicheka, maana hakuna asiyempenda. Lakini mtu akinunua kitu kipya hukipitisha kimyakimya. Jirani yake Ashwaq alipoletewa friji la milango miwili, Bi Tufaha alilizunguka, akalipapasa, akatikisa kichwa kwa raha na kusema, "Friji hili litatuzika sote." Halikufika Ijumaa. Gari la Talal lilisifiwa asubuhi, likazimika adhuhuri katikati ya Barabara ya Sheikh Zayed, na jua la mwezi wa nane wanalijua wenyewe.

Bi Tufaha hakubali hata kidogo. Yeye ni mtu wa Unguja, amelelewa akijua kwamba kizuri hakisifiwi hivi hivi, lazima ukitangulizie mashallah ili kijicho kisikidhuru.

"Mie nasema mashallah kila siku," hujitetea.

"Unasema, Mama," humjibu Talal, "lakini mashallah yako huja kwa miguu. Sifa zinakuwa zishapanda teksi zamani."

Na kweli, mdomo ule una historia. Bi Tufaha aliletwa Dubai akiwa bibi harusi, na mumewe, marehemu Yaarub, alikuwa na duka la nguo pale Naif, katika vile vichochoro ambako wafanyabiashara wa Mombasa, Dar na Kampala hujaza marobota yao. Yaarub alikuwa mpole, mtu wa kupima kitambaa na kunyamaza. Aliyeuza alikuwa mkewe. Mama wa Kampala akiingia kutafuta mashuka machache alitoka na mapazia, mablanketi na kanga za harusi ya binti ambaye bado yuko shule ya msingi. Mdomo uliwalisha, ukawasomeshea Talal. Yaarub alipofariki, duka likachukuliwa na wengine, na Bi Tufaha akahamia kwa mwanawe, mwenye mke na binti mmoja, Jumana. Mdomo nao ukahama naye.

Besiboli aliipata kwa sababu ya usingizi, au tuseme kwa kuukosa. Tangu awe mjane, akishaswali alfajiri halali tena. Hutengeneza chai ya maziwa yenye iliki, hukata kipande cha mkate wa kumimina, huketi mbele ya televisheni na kubonyeza bonyeza. Wakati huo, kule California ni jioni na viwanja vimewashwa taa. Asubuhi moja akatua kwenye idhaa ambayo mtu mrefu mwenye kofia alisimama juu ya kilima kidogo cha udongo, akainua goti mpaka kifuani, akarusha mpira, na mwenye gongo akapiga hewa. Bi Tufaha akacheka peke yake. Mtu akarusha tena, mwenye gongo akapiga hewa tena. Mara ya tatu yule mpigaji aliondoka akiburuza gongo lake kama mtu aliyefukuzwa kwenye harusi, na Bi Tufaha akajua hapa amepata chake.

Jumana, aliyekuwa na miaka kumi na tatu wakati ule, ndiye aliyemsomea kanuni kwenye simu. Nusu ya kanuni hizo Bi Tufaha alizikataa. Hakutaka kujua habari za wapigaji. Kwake yeye mchezo mzima ulikuwa juu ya kile kilima, kwa yule mrushaji, na wengine walikuwa wageni waalikwa.

Na warushaji aliwajua kama alivyowajua wateja wa Naif. Alikuwa na mizani yake mwenyewe, wala haikuwa na uhusiano na takwimu zinazopita chini ya kioo. Mrushaji anayetema mate ovyo hakumpenda hata akiwa hodari vipi. Mrushaji wa mkono wa kushoto alimwamini mara moja, kwa kuwa Yaarub naye alikuwa wa kushoto. Mpira wa kasi ulimchosha. "Nguvu kila punda anazo," alisema. Alioupenda ni ule wa polepole, unaotoka mkononi kwa mbwembwe zote za mpira wa kasi, kisha ukaja taratibu, na mpigaji mwenye tamaa akawa amekwisha kuzungusha gongo kabla haujafika. Hapo Bi Tufaha alipiga paja. Ndivyo alivyouza mapazia maisha yake yote! Umtoe mteja pumzi kwa haraka, kisha upunguze mwendo, aje mwenyewe.

Ohtani, mrushaji wa kule California, alimwita Mjapani Wetu. Mtu anarusha, kisha anavua glovu, anachukua gongo na kupiga. Huyo, alisema Bi Tufaha, ni bwana harusi anayejipigia ngoma kwenye harusi yake, na bado anacheza vizuri. Nolan Ryan, mrushaji wa zamani ambaye Jumana alimsomea habari zake, alimheshimu kwa umri, maana mara saba katika maisha yake alimaliza mchezo mzima bila timu ya pili kupata hata pigo moja la halali, na mara ya mwisho alikuwa na miaka arobaini na minne. "Arobaini na minne mie nilikuwa nauza kwa mkono mmoja na mtoto kwenye mwingine," alisema, kwa hiyo hakustaajabu sana, ila aliheshimu. Aliyemstaajabisha ni mzee Satchel Paige, ambaye walimrudisha uwanjani akikaribia sitini, wakamwekea kiti cha kubembea akipumzika, kisha akasimama akaenda kuwatuliza vijana duru tatu hawakupata bao. Bi Tufaha alimwomba Talal amnunulie kiti kama hicho. Kipo mpaka leo sebuleni, na mtu mwingine hakikalii.

Lakini kisa alichokirudia mpaka Jumana akakihifadhi ni cha yule kijana kutoka Venezuela. Yule alikuwa amewatoa wapigaji wote, mmoja baada ya mwingine, tangu mwanzo, hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Huo ndio huitwa mchezo kamili, na ni adimu kuliko mvua ya Dubai. Alibakiwa na mtu mmoja tu. Mtu huyo naye akatolewa, dunia nzima imeona, ila mwamuzi mwenyewe hakuona, akasema amefika. Na yule kijana akafanya nini? Akatabasamu. Akarudi kilimani akamtoa aliyefuata. Kesho yake mwamuzi alilia mbele za watu, na kijana akampa mkono.

"Huyo mama yake nani?" Bi Tufaha huuliza kila anapofika hapo, macho yamelowa. "Mie nataka kumjua mama yake tu."

Siku moja Jumana alimsomea jambo lililomfanya aweke kikombe chini. Kumbe kuna mwiko. Mrushaji akiwa njiani kuelekea mchezo kamili, au ule usio na pigo, hakuna wa kulitaja. Wenzake hawamsemeshi, hawakai karibu naye, na hata watangazaji wengine hulizungukazunguka jambo lenyewe. Ukilitaja, limeharibika.

"Ala!" alisema Bi Tufaha. "Kumbe na Wamarekani wanaogopa kijicho?"

"Ndivyo ilivyo, Bibi."

"Wanasemaje, wanasema mashallah?"

"Hawasemi kitu. Wananyamaza."

Bi Tufaha alifikiri sana juu ya hilo. Kunyamaza! Aliona ni dawa kali mno kwa ugonjwa wenyewe.

Basi Jumana akaanza kurusha. Alianzia kwenye ukuta wa nyuma ya jengo, kwenye bustani iliyo baina ya majengo, na huko ndiko Ronnie alikomwona. Ronnie ni Mganda, mlinzi katika mnara mmoja wa Dubai Marina, anayeishi jengo la pili katika chumba cha watu sita. Kwao alikuwa amecheza besiboli shuleni, kama mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji na kupokea mipira. Siku ya kwanza alisimama akimtazama msichana yule mwenye mtandio akiupiga ukuta, akashindwa kuvumilia.

"Wewe, kiwiko kiko chini," alisema. "Inua. Hivyo utaumia."

Tangu siku hiyo, Ronnie akiwa na zamu ya usiku, jioni kabla hajavaa sare huchutama kwenye majani na Jumana humrushia. Na Bi Tufaha hukaa kwenye kiti cha plastiki, akimenya vitunguu na kuzungumza. Alizungumza muda wote. Bei ya samaki, mke wa fulani, mrushaji aliyemwona asubuhi, kwa nini Waganda hutia sukari nyingi hivyo kwenye chai. Ronnie, aliyemwita Jjajja kama wanavyowaita bibi zao kwao, alicheka mpaka akadondosha mipira. Msichana alijifunza kurusha ndani ya sauti ile kama mtoto mwingine anavyojifunza kusoma na redio imewashwa.

Miaka michache baadaye Ronnie alimpeleka kwenye timu yao, Korongo, ya Waganda na Wakenya na yeyote mwenye glovu, wanaocheza Jumamosi kwenye uwanja wa mchanga upande wa Jebel Ali na timu nyingine za wafanyakazi. Jumana hana nguvu nyingi. Ana mpira unaokunja na ule wa polepole, ule wa mapazia. Katika msimu wake wa kwanza watu wazima wenye mikono ya kubeba mizigo walipiga hewa mbele yake, na nyuma ya wavu Bi Tufaha aliwaita wote kwa majina ya mboga.

Kisha ikaja ile nusu fainali. Duru ya tano kati ya saba, hakuna aliyempiga Jumana hata mara moja. Benchi zima la Korongo limenyamaza, Ronnie hapumui. Na Bi Tufaha, ambaye mwiko aliujua vizuri sana, alimtazama mjukuu wake pale kilimani, mdogo, mnyoofu, kofia juu ya mtandio, na moyo wake ukajaa mpaka ukafurika. Alisimama juu ya kiti.

"Leo hagusiki huyu!" alipiga kelele. "Mjukuu wangu hagusiki! Mtarudi makwenu na magongo yenu makavu!"

Mashallah ilikuwa ndiyo kwanza inafunga viatu. Mpira uliofuata ulipigwa, ukapaa juu ya uzio, juu ya basi lililoegeshwa nje, na ulikoangukia hakuna ajuaye. Baada ya huo ikafuata mingine. Korongo walishindwa vibaya, na ndani ya gari Jumana alilia akitazama dirishani.

"Bibi," alisema mwishowe, "mechi nyingine naomba usije."

Talal alitaka kumkemea, Bi Tufaha akamzuia. Hakujibu kitu, na kwa jinsi watu wa nyumba ile wanavyomjua, hilo lenyewe liliwatisha. Msimu mzima uliofuata hakukanyaga uwanjani. Kila Jumamosi alikaanga sambusa za timu, akazifunga kwenye foili, akamkabidhi Jumana mlangoni, kisha akakaa kwenye kiti chake cha kubembea akisubiri ujumbe wa sauti wa Shadia. Shadia ni mhudumu wa hoteli na mchezaji wa nyuma kabisa wa Korongo, msichana mchangamfu asiyedaka mipira vizuri, kwa hiyo ana nafasi kubwa ya kutazama. "Jjajja, leo ameua!" alisema Shadia kwenye simu, na Bi Tufaha akasikiliza ujumbe ule mara mbili, tatu, akitafuta sauti ya mjukuu wake kwa nyuma.

Usicheke. Aliumia. Friji na viyoyozi alivifanyia mzaha, lakini hili aliliogopa moyoni mwake. Labda ni kweli. Labda mdomo uliomlisha mtoto ndio unaomharibia mjukuu. Alipofika hapo kwenye fikira alizima televisheni, hata kama mrushaji alikuwa wa mkono wa kushoto.

Na muda ulikuwa unaisha. Jumana, ambaye sasa alikuwa amemaliza shule, alikuwa amepata nafasi ya chuo Osaka, Japani, na safari ilikuwa mwezi wa nne mwanzoni. Mechi ya mwisho ya msimu iliangukia Jumamosi ya kwanza baada ya Idi. Bi Tufaha hakuomba. Alinunua nyama ya kusaga ya sambusa kama kawaida, akaanza kukata vitunguu, na Jumana akaja akasimama kwenye mlango wa jiko.

"Bibi, Jumamosi unakuja?"

"Si uliniambia nisije?"

"Nilikuwa na hasira. Njoo. Nataka uwepo." Kisha akasita. "Ila ahadi moja. Ukiona mambo yanakwenda vizuri, usitaje."

"Sitataja."

"Wala usisimame juu ya kiti."

"Nitakaa kama maiti," alisema Bi Tufaha, na machozi yaliyomtoka akayasingizia vitunguu.

Siku hiyo ilikuwa ya upepo mwanana, jua limeanza kuinama, mchanga wa Jebel Ali una rangi ya bizari. Wapinzani walikuwa Wafilipino wa mahoteli, watu wachangamfu wanaopiga kwa kuchokoza chokoza na kukimbia kama paka. Bi Tufaha aliwekewa kiti cha plastiki nyuma ya wavu, karibu na benchi la Korongo. Talal alikaa kando yake kama askari. Shadia alipita kumbusu mkono, na katika mazoezi ya kabla ya mechi akadondosha mipira miwili mmoja baada ya mwingine.

Jumana akaanza. Mtu wa kwanza alipiga hewa. Wa pili aliuchokoza mpira ukajiviringisha mpaka miguuni mwa mrushaji mwenyewe, naye akamtoa. Wa tatu aliusubiri ule wa kasi, akaletewa ule wa mapazia, akajizungusha mpaka akakaa chini, na wenzake wakacheka kuliko Korongo. Watatu wakitolewa, duru imekwisha; ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Bi Tufaha alikula sambusa. Duru ya nne alipoona mambo yanavyokwenda, aliweka sambusa chini, akachukua ncha ya mtandio wake akaifunga mdomoni.

Talal alimtazama kwa jicho la pembeni.

Duru ya tano ikapita. Ronnie alikuwa amepiga mpira uliompa mwenzake nafasi ya kukimbia mpaka kituo cha mwisho, kwa hiyo Korongo waliongoza kwa bao moja, na bao hilo hakuna aliyelizungumzia. Kila Jumana aliporudi benchi watu walisogea. Mkenya mmoja aliyekuwa ameketi pale pake alinyanyuka haraka kama aliyekalia sindano. Ronnie alikaa ncha ya pili ya benchi, akizifunga na kuzifungua kamba za viatu. Msichana akabaki peke yake na taulo lake, na nafasi ya watu wanne upande huu na upande huu.

Duru ya sita ndipo mkono ulipoanza kumsaliti. Mipira mitatu ya kwanza ilikwenda pembeni, na wa nne ukienda pembeni mpigaji hupewa kituo cha bure, basi habari imekwisha. Wa nne ukapita katikati kwa bahati. Wa tano mpigaji aliupiga kwa nguvu, lakini moja kwa moja kwenye glovu ya mtu, na mpira uliodakwa hewani humtoa mpigaji. Wawili waliofuata walitolewa pia, kwa tabu, na Jumana alipotoka kilimani uso ulikuwa umempauka. Hakwenda benchi. Alikuja mpaka kwenye wavu.

"Bibi."

Bi Tufaha alitikisa kichwa.

"Bibi, sema nami."

Alikaza mtandio kwa mikono miwili. Nyuma ya Jumana benchi zima lilikuwa limesimama. Ronnie alipunga glovu hewani, hapana, hapana, khalas, basi, hapana.

"Wote wananikimbia kama nina ukoma," alisema Jumana. "Kimya kinaniua. Sikuwahi kurusha kwenye kimya. Sema kitu, Bibi. Chochote."

Ikiwa kuna siku mdomo wa Bi Tufaha ulisimama ukafikiri kabla ya kufunguka, basi ni siku hiyo. Alimtazama mtoto. Alitazama kile kilima. Kitu kimoja tu duniani hakitakiwi kutajwa, aliwaza, na dunia ina mambo mengi. Akafungua mtandio.

"Visheti vya Ashwaq," alisema.

Jumana alipepesa macho.

"Vile vya Idi. Kaniletea sahani nzima, ati nionje. Hebu nambie, mwanamke mzima anakaanga visheti vigumu namna ile kwa nini? Nimeuma kimoja, jino likalia kaa! Nikamwambia Talal lete nyundo. Nikavitia kwenye chai, chai ikaisha, kisheti kimekaa vile vile kinanitazama. Ukitaka mie nikufungie vya kuchukua Osaka, forodhani watasema umebeba kokoto."

Talal aliinamia magoti yake, mabega yanamtikisika.

"Na yule mumewe," aliendelea Bi Tufaha, mdomo sasa umepata mteremko, "kala vinane! Vinane, na meno ya bandia! Namwuliza, bwana wee, vipi? Ananambia, mimi navimeza. Anavimeza! Kama tembe za panadol!"

Jumana alicheka. Kilianza kicheko kidogo cha puani, kisha kikamshinda, akashika wavu kwa vidole vyote akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa fulana. Bi Tufaha hakumpa nafasi ya kupumua. Alihamia bei ya nguru sokoni, akapita kwenye harusi ya binti wa mtu ambapo biriani liliungua, akarudi Naif kwa Yaarub siku alipompimia mteja kitambaa kwa mkono wa kushoto, akasahau alikoanzia, akampimia mara mbili na kwa aibu akamwachia chote. Alizungumza mpaka Korongo wakamaliza kupiga, bila kupata kitu, na mwamuzi akaita.

"Yalla, nenda," alisema. "Kisa chenyewe hakijaisha. Ukitoka nitakumalizia."

Jumana alikimbia kilimani. Na Bi Tufaha akafunga mtandio tena, fundo likamshinda, Talal akamfungia.

Duru ya mwisho. Mpigaji wa kwanza aliletewa mpira unaokunja mara tatu, na mara tatu akautafuta mahali ulipokuwa zamani. Wa pili aliuchokoza kuelekea kwa Ronnie mwenyewe, Ronnie akaurukia kama mwenye njaa akamtoa. Wafilipino sasa walikuwa wamesimama wote, na wao pia, kwa adabu ya mchezo, wamenyamaza. Ulisikika upepo tu, na mbali magari ya barabara kuu.

Wa tatu alikuwa mpishi mnene mwenye mikono ya kukanda ngano. Aliukosa mmoja. Aliukosa wa pili. Jumana alitazama mara moja upande wa wavu, akatabasamu, na Bi Tufaha akajua unakuja ule wa polepole, ule wa mapazia. Ukaja. Lakini mpishi ana subira kwa kazi yake. Alisubiri, akasubiri, kisha akaupiga juu, juu kabisa, nyuma kabisa, kwenye jua, kwa Shadia.

Shadia alirudi hatua, akasogea mbele, akarudi tena. Aliinua glovu na kufunga macho, mwenyewe amekiri baadaye kwamba alifunga. Mpira ulitua kwenye glovu, ukaruka nje. Benchi zima likaguna. Ukampiga kifuani, akaukumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga, akaanguka nao mchangani na hakuuachia.

Mwamuzi akainua mkono. Ametolewa.

Yaliyofuata hayana mpangilio. Ronnie alimbeba Jumana begani, glovu zikapaa, Wafilipino walikuja kumpa mikono, na yule mpishi alimwinamia kama malkia. Shadia alikuwa bado amelala mchangani akiulizia kama imeisha. Talal alikuwa anaruka peke yake bila kumshika mtu. Na katika kelele zote hizo Bi Tufaha alikuwa ameketi, mtandio mdomoni, macho makubwa, hajui kama ameruhusiwa.

Jumana alijitoa mikononi mwa watu, akaja mbio mpaka kwenye wavu.

"Bibi, imeisha. Umeona? Imeisha! Sema sasa."

Talal alilifungua fundo. Wote wakamgeukia, Korongo na Wafilipino, kwa maana kila mmoja alikuwa amesikia habari za mdomo ule. Bi Tufaha alifungua kinywa, akakifunga. Majina ya mboga, bwana harusi na ngoma yake, kiti cha kubembea, mama yake yule kijana wa Venezuela, kila alichokuwa amekiweka kwa duru saba na kwa msimu mzima nyumbani, vyote vilimjia kwa pamoja. Akapitisha vidole kwenye matundu ya wavu, akashika uso wa mjukuu wake uliojaa mchanga.

"Mashallah," alisema.

Safari hii ilitangulia yenyewe, na baada yake hakuwa na neno. Akatupa kichwa nyuma akapiga kigelegele, kirefu, cha harusini, Shadia akakipokea kutoka kule mchangani, na Ronnie akaapa kwamba kilisikika mpaka Marina.